Kalamu ya kielektroniki isiyonasa mwandiko: dalili, visababishi na utatuzi

Kalamu ya kielektroniki inapokataa kunasa mwandiko, wengi huichaji upya, huizima na kuiwasha, na ikishindikana husema imekufa. Kwa vifaa vinavyotumika Dodoma, mikononi mwa makatibu wa vikao Mtumba, wanafunzi wa vyuo na watafiti wanaojaza madodoso Bahi na Kongwa, hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno. Mwandiko hupitia hatua tatu kabla ya kuwa maandishi yanayosomeka: kwanza kifaa hutambua ncha iko wapi, pili alama hizo husafirishwa hadi kwenye simu, kishikwambi au kompyuta, na tatu programu husoma alama na kuzigeuza herufi. Kila hatua ina hitilafu zake, na dawa ya hatua moja haisaidii nyingine. Kabla ya kutoa fedha, tafuta hitilafu iko hatua gani, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu ukibadilisha vitatu pamoja hutajua ni kipi kilichotibu.

Tambua kwanza aina ya kalamu

Kalamu zinafanana kwa nje, lakini namna zinavyoeleza mahali zilipo ni tofauti sana, na dalili ileile huwa na chanzo tofauti katika kila aina.

Kalamu za Wacom na S Pen ya Samsung, iliyoanza na simu ya Galaxy Note mwaka 2011, hutumia uga wa sumaku. Chini ya kioo kuna bodi yenye nyaya zilizozungushwa, ambayo hutuma nishati kwa koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo ndani ya kalamu, na koili hiyo huirudisha. Bodi hupima nishati iliyorudi imefika wapi kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo ncha ilipo. Kalamu ya namna hii haihitaji betri ili iandike. Aina ya pili ni kama Apple Pencil na Surface Pen, ambazo zina betri na hutuma ishara ya umeme kwa kioo chenyewe cha mguso. Ya tatu ina kamera ndogo karibu na ncha na huandika kwa wino juu ya karatasi maalumu yenye vitone. Teknolojia iliyotangulia hapa ni ya Anoto ya Uswidi, na kalamu za Livescribe zilijengwa juu yake. Ya nne huambatana na kipokezi kinachobanwa juu ya karatasi ya kawaida, na kalamu hutoa sauti ya masafa ya juu isiyosikika na sikio. Zipo pia kalamu za mpira laini zinazouzwa kwa bei ndogo kila mahali. Hizo huiga kidole tu, hazipimi mgandamizo wala hazitofautishi ncha na kiganja, na lalamiko lolote la mstari mnene au kiganja kuchora halina tiba kwake.

Hakuna kinachonaswa kabisa

Kwa kalamu ya uga wa sumaku, ishikilie milimita chache juu ya kioo bila kukigusa. Ikiwa kialama kidogo kinatokea na kufuata mkono, koili ni nzima, na tatizo liko kwenye kihisi cha mgandamizo kilicho nyuma ya ncha. Chomoa ncha kwa kibanio chake, isafishe, irudishe mpaka iketi vizuri, au weka mpya. Ikiwa kialama hakitokei, ijaribu kalamu hiyo juu ya kifaa kingine cha aina ileile, kisha ujaribu kalamu nyingine juu ya kifaa chako. Majaribio hayo mawili hukuambia bila ubishi kama mgonjwa ni kalamu au ni kioo. Kalamu iliyoanguka kwa ncha juu ya sakafu ya vigae huenda imepasuka kiini cha feraiti kilichomo ndani ya koili, na kwa nje haitaonyesha hata mkwaruzo. Hiyo ni ya kubadilishwa. Usihangaike na chaji ya S Pen kwa dalili hii, kwa kuwa chaji hiyo ni ya kitufe cha Bluetooth na si ya kuandikia.

Kwa kalamu zenye betri, anza na betri. Baadhi ya Surface Pen za zamani hutumia betri ya AAAA, yenye kipenyo cha milimita 8.3, na muuzaji asiyeifahamu atakupa AAA ya milimita 10.5, ambayo haiingii. Usiilazimishe. Kalamu zenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani zina hatari nyingine: zikiachwa kwenye droo kwa miezi mingi zikiwa tupu, betri hushuka chini ya kiwango ambacho chaja inaweza kukiamsha. Ofisi inayonunua kalamu kwa ajili ya vikao vya msimu, kwa mfano vya bajeti, iziweke zikiwa na chaji ya nusu na izikague kila mwezi.

Hakikisha pia kalamu na kishikwambi vinakubaliana. Apple Pencil ya kwanza ilitoka mwaka 2015, ya pili 2018, ya USB-C 2023 na ya Pro 2024, na si kila iPad hupokea kila moja. Ile ya USB-C haina kihisi cha mgandamizo, kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba mstari wake hauwi mnene hata akikandamiza anaulizia kitu ambacho kalamu yake haijapewa.

Kalamu ya kamera inayoruka maneno

Hapa pana mengi zaidi, na hapa ndipo mazingira ya Dodoma yanapoingia moja kwa moja.

Karatasi ya vitone ina alama ndogo sana zilizopangwa kwa nafasi ya takribani milimita 0.3, kila kitone kikiwa kimesogezwa kidogo upande mmoja kutoka kwenye makutano ya mistari isiyoonekana. Kamera huona kipande kidogo tu cha mpangilio huo na kutokana nacho huhesabu iko ukurasa upi na mahali gani hasa. Chochote kinachofunika vitone, kinachovififisha au kinachoikinga kamera huondoa sehemu ya neno.

Kisababishi cha kwanza katika kiangazi ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya hapa ni kavu na upepo ni mwingi, na vumbi laini jekundu huingia hata ndani ya begi lililofungwa. Tazama kalamu kwa karibu chini ya mwanga: nyuma kidogo ya ncha kuna kidirisha cheusi kidogo kuliko punje ya dengu, na pembeni mwake mara nyingi utaona utando wa nyuzi za karatasi zilizochanganyika na vumbi. Chomoa mrija wa wino, elekeza ncha chini ili uchafu uanguke badala ya kuingia ndani, kisha pulizia kwa kipulizio cha mpira. Usipulizie kwa mdomo, kwa sababu mate hugandisha vumbi kwenye kidirisha. Baada ya hapo futa kwa kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti, mara moja kwa mwelekeo mmoja, na usubiri kikauke. Usisugue mwili wa kalamu kwa kitambaa kikavu: plastiki ikisuguliwa katika hewa kavu hujaa umeme tuli na kuvuta vumbi jingi kuliko lililokuwapo. Kitambaa chenye unyevu kidogo ni salama zaidi.

Kisababishi cha pili ni karatasi yenyewe. Daftari la vitone likiisha, mtu huenda kwenye duka la vifaa vya ofisi na kutoa fotokopi ya kurasa zake. Macho huona karatasi iliyo sawa kabisa, lakini fotokopi huvimbisha baadhi ya vitone na kuvipoteza vingine, na kusogea kwa sehemu ndogo ya milimita kunatosha kuharibu mpangilio wote. Hata nakala ikitoka vizuri, kila nakala hubeba anwani ya ukurasa ileile, na hapo hutokea dalili inayowashangaza wengi: dodoso la mkulima wa pili linaonekana limeandikwa juu ya dodoso la mkulima wa kwanza. Dalili hiyohiyo huja ukinunua daftari jipya lenye namba sawa na la zamani kabla ya kulihifadhi la zamani kwenye kumbukumbu za programu. Data haijapotea, mistari imelaliana, na programu nyingi huruhusu kuitenganisha kwa kufuata muda ilipoandikwa. Kwa kazi za utafiti, mtafiti apange mapema anwani tofauti kwa kila fomu, au achapishe karatasi kwa printa ya leza yenye uwezo wa angalau nukta 600 kwa inchi, tona nyeusi, yaani unga wa wino wa printa hiyo, ikitumika kwa vitone.

Neno tona nimeliandika kwa makusudi. Kamera hutazama kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na inachokiona cheusi ni kaboni. Tona nyeusi ya leza ina kaboni, lakini wino mwingi wa printa za wino hauna, kwa hiyo vitone vilivyochapishwa kwa printa ya wino huonekana kwa macho na kutoweka mbele ya kamera. Kanuni hiyohiyo, ikigeuzwa, inaeleza dalili nyingine: mwandiko wa mara ya kwanza unanaswa, lakini ukirudia juu ya neno, ukilikata au ukilipigia mstari, hakuna kinachoingia. Mtu ameweka mrija wa wino wa kawaida wenye kaboni, na kila alama ya wino imefunika vitone vilivyo chini yake. Rudisha mrija uliotengenezwa kwa kalamu hiyo, ambao wino wake hauonekani na infraredi.

Kisababishi cha tatu ni mwanga. Afisa ugani anayeandika katikati ya shamba la zabibu Hombolo saa sita mchana ameweka karatasi chini ya jua lenye miale mingi ya infraredi, na tofauti kati ya kitone na karatasi hupungua machoni pa kamera. Ageuke ili mwili wake utie kivuli kwenye ukurasa. Angalia pia mlalo wa kalamu: wanaoilaza sana, kama baadhi ya wanaotumia mkono wa kushoto, huielekeza kamera mbali na ukurasa, na kuisimamisha kidogo huondoa tatizo bila fundi.

Kalamu inaendelea kuandika hata ikiinuliwa

Ukiona herufi zimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba ambazo hukuziandika, kihisi cha mgandamizo hakirudi kwenye sifuri. Mara nyingi ncha imekwama kwa uchafu au imechakaa upande mmoja ikawa na ukingo unaoshika. Chomoa ncha, izungushe kidogo na uirudishe. Ikirudia, weka mpya. Ikiwa ncha mpya haijasaidia, tafuta katika mipangilio kiwango cha wepesi wa kalamu na ukipunguze. Baada ya hapo tatizo liko ndani, na matengenezo yake huwa ghali kuliko kalamu.

Mstari unatokea pembeni ya ncha

Kwanza fanya usawazishaji wa kalamu katika mipangilio, ukiwa umekaa jinsi unavyoandika kila siku, kwa sababu mahali ncha inapoonekana hubadilika kulingana na pembe ya macho. Tofauti ikiwa sawa kwenye kioo kizima, usawazishaji utaimaliza. Ikiwa ni kubwa karibu na ukingo mmoja tu, toa kava na ujaribu tena. Kava nyingi hufungwa kwa sumaku, na kwa kalamu ya uga wa sumaku kipande kidogo cha sumaku kikikunjwa nyuma ya kishikwambi kinatosha kuvuta mstari milimita kadhaa. Spika, simu nyingine iliyowekwa chini ya kishikwambi na meza ya chuma hufanya vivyo hivyo. Protekta nene ya kioo nayo huiweka ncha mbali na picha, na kwa baadhi ya kalamu zenye betri hudhoofisha ishara hadi mstari ukatike.

Mstari unatetemeka

Weka rula kwenye kioo na uchore mstari wa mshazari polepole sana, mara moja kishikwambi kikiwa kwenye chaja na mara nyingine kikiwa kimechomolewa. Mtetemo ukiisha unapochomoa chaja, sababu ni umeme. Chaja hafifu hupeleka kelele za umeme kwenye kioo, na kelele hizo huchanganyika na ishara dhaifu ya kalamu. Hilo huwa baya zaidi pale ambapo soketi haina waya wa ardhini unaofanya kazi. Katika udongo mkavu wa hapa, fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini hupitisha umeme kwa shida zaidi wakati wa kiangazi kuliko masika, na ndiyo maana kifaa kinachotetemeka Septemba huweza kutulia Februari bila mtu kukigusa. Tumia chaja halisi, jaribu soketi ya chumba kingine, na mwite fundi umeme apime waya wa ardhini wa jengo. Hilo si suala la kalamu peke yake bali ni la usalama wa watu. Kwa dharura, andika kwa betri na uchaji baadaye.

Mtetemo ukibaki hata baada ya kuchomoa chaja, chora mistari mingine kadhaa sambamba. Mawimbi yanayojirudia mahali palepale pa kioo yanatokana na mpangilio wa nyaya za vihisi na namna programu inavyokisia kati ya waya na waya. Vifaa vya bei ndogo vina tabia hiyo, na kuandika kwa kasi ya kawaida huificha. Mawimbi yasiyo na utaratibu yaonyesha kelele za nje au kalamu yenye betri inayokaribia kuisha.

Kipokezi cha kubana kinachopotosha ukurasa

Kifaa cha aina hii hutuma kwa pamoja mwako wa infraredi, unaofika papo hapo, na sauti, inayochelewa. Kipokezi hupima ucheleweshaji na kupata umbali. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20 za Selsiasi, na huongezeka kwa mita 0.6 hivi kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya Julai hapa Dodoma huweza kuwa na nyuzi 14, na mchana nyuzi 27. Kama kifaa hakijirekebishi kwa joto, umbali wa milimita 200 utakosewa kwa milimita 4 hadi 5, kiasi kinachotosha kuubana au kuupanua mwandiko kwa namna inayoonekana. Fanya usawazishaji upya baada ya hewa kubadilika. Zima au geuza feni inayovuma juu ya meza, usiweke mkono kati ya ncha na kipokezi, na bana kipokezi kwa nguvu, kwa sababu kikisogea katikati ya ukurasa mistari yote inayofuata hulala upande.

Mwandiko umenaswa lakini haufiki kwenye simu

Hapa kalamu mara nyingi haina kosa. Kwa simu za Android 6 hadi 11, programu haiwezi kutafuta kalamu kwa Bluetooth ya nishati ndogo bila kupewa ruhusa ya mahali, na aliyeikataa ruhusa hiyo siku ya kwanza atatafuta kalamu yake bila kuiona. Nenda kwenye ruhusa za programu, uikubali, na uwashe huduma ya mahali. Kisha iondoe programu kwenye orodha ya zinazozimwa na mfumo wa kuokoa betri. Ikiwa kalamu ilikwisha kuunganishwa na simu nyingine iliyo karibu, zima Bluetooth ya simu hiyo kwanza. Kwa wanaohamisha kwa waya, nyaya nyingi zinazouzwa barabarani hubeba umeme tu bila data. Kalamu itachaji vizuri na kompyuta haitaiona kamwe. Kurasa zikifika kwa mpangilio wa ajabu, kagua tarehe ya kalamu, kwa kuwa betri ikiisha kabisa saa ya ndani hupotea.

Herufi zinasomwa vibaya

Hakikisha kwanza mistari yenyewe imekamilika. Ikiwa mwandiko kwenye picha ni mzuri na maandishi yaliyogeuzwa ni mabaya, tatizo ni programu ya usomaji, na kubadilisha ncha ni kupoteza muda. Angalia lugha iliyochaguliwa. Programu iliyowekwa Kiingereza husoma Kiswahili kwa kukisia maneno ya Kiingereza, na kumbukumbu nzima ya kikao hutoka ikiwa haieleweki. Chagua Kiswahili kama kimo, na kama hakimo, zima urekebishaji wa kamusi ili programu isome herufi kwa herufi.

Majina ya hapa yana mtego wake. Ng'ong'ona na Chang'ombe yana ritifaa ambayo wengi huiandika kama kidoti kidogo kilichogusana na herufi, na programu huiona kama mkato au kuitupa. Iandike juu, iwe ndefu kidogo, na iachane na g. Kisha ingiza kwenye kamusi yako binafsi majina ya kata, ya watu na ya idara unazoziandika mara kwa mara. Kazi ya nusu saa itakuokoa masahihisho ya mwaka mzima. Mpaka utakapokuwa umeyalinganisha maandishi na mistari ya asili ukurasa kwa ukurasa, usiifute mistari hiyo kwenye kalamu wala kwenye simu, kwa sababu programu ikikosea jina au kiasi cha fedha, hiyo ndiyo nakala pekee inayoonyesha mwandishi aliandika nini.